Boriti ya Nyumba ya Tereza

Mzee wa Kiayalandi aliyewatembeza wageni alitema mate kwanza kwenye kizingiti cha ngome, ndipo akawakaribisha ndani. Hakuona haya hata chembe. Yoramu, mzee wa kanisa kutoka vijijini Chamwino, aliyejifunika koti la mitumba lililomzidi kimo, alidhani mwenzake ana kikohozi. Kumbe wapi! Ilikuwa chuki, tena chuki iliyotunzwa vizuri kama ng'ombe wa maziwa.

Mwaka ule wa tisini na nne kanisa moja la Ayalandi lilimwalika kwa majuma mawili, na wenyeji wake wakaona hakuna heshima kubwa ya kumpa mgeni kuliko kumpeleka mashambani akaone magofu. Asubuhi walinywa chai katika ngome juu ya kilima, mchana wakateremka bondeni kwenye abasia, nyumba ya watawa wa zamani. Mvua ilinyesha kutwa nzima bila kuchoka. Yoramu, mtu wa nchi ambayo mvua huombwa kwa kufunga na kulia, aliichukia kwa jinsi ilivyopotea bure juu ya mawe.

Abasia ilikuwa na kuta, madirisha na makaburi, ila haikuwa na paa. Nyasi ziliota pale watawa walipokuwa wakisali. Yoramu alikusanya Kiingereza chake cha darasa la nane, akauliza kama ni moto uliokula paa. Mzee akasema si moto. Alikuja kapteni na askari wake, wakaezua. Watawa walikwisha kufukuzwa mara mbili na mara zote mbili wakarudi, basi kapteni akatumia akili: kuta akaziacha, paa akaliondoa. Nani atarudi kulala ndani ya mvua hii? Boriti zikakokotwa na maksai hadi kilimani, zikaezeka ngome yake. Ndizo zile walizonywea chai chini yake asubuhi.

"Ni miaka mingapi sasa?" Yoramu aliuliza.

"Mia nne na zaidi."

"Na bado mnamtemea mate?"

Mzee alimkazia macho, maji yakimchuruzika puani. "Alikufa kitandani mwake, kashiba, chini ya boriti za watu. Ulitaka tumfanyie nini, tumpigie makofi?"

Jioni Yoramu aliurudisha mkate sahanini, na wenyeji wakasema maskini, baridi imemwingia. Laiti ingekuwa baridi.

Maana huko kwao, baraza ya nyumba yake ilishikiliwa na boriti ya mninga ambayo hakuikata yeye. Mwaka wa sabini na nne Yoramu alikuwa katibu wa kata, kijana wa miaka ishirini na minane, kaptula ya kaki na filimbi shingoni. Amri ilikuwa watu wahamie kijiji kipya, na watu walihama, isipokuwa Petro na mkewe Tereza, waliohamishwa mara mbili na mara mbili wakarudi kwenye tembe lao la paa la udongo. Ndipo katibu akatumia akili. Nyumba ikichomwa huleta maneno. Ikiezuliwa, mvua yenyewe itamaliza kazi. Alifika na mgambo asubuhi, akaingia bila hodi. Udongo wa paa ulimporomokea Tereza akiwa amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, ukafunika unga wote. Kuta za udongo si mawe ya Ayalandi. Masika mawili tu, zikayeyuka. Petro hakuyaona hata ya kwanza. Alifia kijiji kipya, na ugonjwa wake hakuna aliyeutaja kwa jina isipokuwa Tereza, ambaye aliuita Yoramu.

Tangu siku hiyo mama yule hakumwitikia salamu. Yoramu alimwamkia shikamoo kisimani, kilabuni, hata msibani, na shikamoo yake ikaanguka chini kila mara. Kwa watu alisema mwanamke ana kisirani. Miaka ishirini alisema hivyo, na watu wakakubali, kwa kuwa wengi wao walikuwa wameshika boriti upande wa pili.

Aliporudi safari, alikuta kijiji kinachemka. Tajiri mmoja kutoka Dar es Salaam alitaka kupanda zabibu kwenye mahame yale, pale lilipokuwa tembe la Petro, na siku hizi za soko huria mwenye mtaji hangojeshwi mlangoni. Alikwisha kuahidi bati za kanisa. Mtu pekee aliyepinga ni Tereza, aliyesema pale ni kwake. Fredy, kijana wa ofisi ya ardhi, alikwenda kukagua, hakuona ukuta wala jiwe, akaandika kuwa eneo ni tupu. Hata hivyo akatoa siku ya Alhamisi: mwenye ushahidi kwamba palikuwa na nyumba ajitokeze. Wazee wenzake wa kanisa walimwambia Yoramu, kwa upole wa kumkaba mtu koo, kwamba Alhamisi hiyo ingekuwa vyema aumwe.

Jumatano aliangusha baraza yake. Mkewe Frida alimuuliza kama wazungu wamemrudisha na akili zake zote, na Yoramu akamjibu kwamba zimerudi nusu, nusu aliziacha kwenye mvua.

Alhamisi alifika mahameni na boriti begani. Waliokuwapo wakaanza kunong'ona, na mzee mmoja wa kanisa akaondoka kabisa. Yoramu alimwamkia Tereza. Shikamoo ikaanguka chini, kama kawaida. Akamgeukia Fredy, akasema nyumba ilikuwapo, vyumba vitatu na zizi, na boriti mojawapo ni hii.

"Mzee, wewe umejuaje?"

"Niliiezua mimi. Hii nikaenda nayo kwangu."

Tereza alisogea, akapapasa ncha ya boriti hadi kidole kikafika kwenye chale tatu ambazo Petro alizikata ili miti yake isichanganyikane na ya watu. Alikaa nazo kitambo. Halafu akakifuta kidole kwenye kanga, kama aliyeshika uchafu, akaenda kusimama katikati ya magugu. Fredy akafungua daftari na kumtaka Yoramu aonyeshe nyumba ilipokuwa. Yoramu akapiga hatua kuelekea aliposimama mama.

"Simama hapo." Lilikuwa neno la kwanza la Tereza kwake kwa miaka ishirini. "Unakanyaga ukuta. Mlango uko huku."

Yoramu alitazama chini. Aliona nyasi kavu na mavi ya mbuzi. Akarudi nyuma, akazunguka, akiambaa na ukuta ambao haukuwapo, akakata kona pale mama alipomwonyesha kwa kidevu, huku Fredy akimfuata nyuma akihesabu hatua na kuandika. Tajiri wa zabibu alitazama saa yake, akatazama daftari linavyojaa, akarudi kwenye gari lake. Boriti ilikuwa imeanza kumla Yoramu bega. Alipofika mlangoni aliinua mguu avuke, akaona mama anautazama ule mguu. Akaurudisha.

"Hodi," alisema.

Tereza alikuwa amepiga magoti ndani, akifukua udongo kwa mikono yake miwili mahali fulani alipopajua. Jiwe la kusagia lilitokeza mgongo. Hakuinua kichwa.

"Hodi."

Fredy alikuwa amemaliza kuandika, naye hakujua aende au akae. Upepo wa Ugogo ulipita na vumbi lake, ukawapaka wote. Kwa desturi hodi ni tatu. Asiyekaribishwa baada ya hapo hugeuka akarudi alikotoka. Yoramu alihamisha boriti bega la pili, akangoja kidogo kabla ya kuitumia hodi iliyobaki.