Baba Hubonyeza Mara Mbili

Dada alipoondoka aliacha vitu vichache nyumbani: koti lililokwisha kumbana mabegani, kitanda chake, na ukoo mzima ndani ya kompyuta.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kiunzi, ile mifupa ya msingi ambayo watu wengine hujengea tovuti zao ili wasianze upya kila mara kuchonga mlango na kufuli. Kiunzi chenyewe kilikuwa cha wazi; mtu yeyote duniani angeweza kukisoma na kupendekeza marekebisho. Sehemu ya Dada ilikuwa majaribio. Jaribio ni programu ndogo inayojifanya mtu. Hufungua ukurasa, huandika, hubonyeza kitufe, kisha hutazama kama kilichotokea ndicho kilichotakiwa. Kila mtu alipogusa chochote katika kiunzi, majaribio yote yalijiendesha yenyewe, na palipoharibika paliwaka nyekundu kabla madhara hayajamfikia binadamu wa kweli.

Watu hawa wa kujifanya huhitaji majina. Wengine huwaita mtumiaji wa kwanza, mtumiaji wa pili. Dada aliwapa majina ya nyumbani. Shangazi alikosea nywila mara tatu na kuilaumu mashine. Bibi aliacha ukurasa wazi akaenda kuanika nguo, akarudi alasiri akitaka kukuta alichoandika kiko palepale. Jirani Mdaku alijaribu kufungua kurasa zisizomhusu. Na Baba alibonyeza kila kitufe mara mbili, kwa sababu maisha yake yote alikuwa mpiga chapa, na mashine alizozizoea ukizigusa zinaitika kwa kishindo. Kitufe kisichopiga kelele alikiona kama mtu aliyeitwa akanyamaza.

Mdogo wake Dada, ambaye nyumbani hakuna aliyemwita jina lingine ila Kitinda, ndiye aliyekuwa akikaa pembeni yake akitazama. Kazi aliijulia hapo, begani kwa Dada.

Kisha Baba akaugua tumbo. Mama alikuwa muuguzi mstaafu, alikwisha kuona wengi wakiingia chumba cha upasuaji kwa miguu yao na kutoka wamebebwa. Alitaka wasubiri. Dada alishikilia kwamba apasuliwe upesi. Baba alicheka, akasema, "Mkibishana hivi nitapona nyinyi mkiwa bado mnabishana," akakubaliana na binti yake. Hakurudi nyumbani.

Jioni ya mazishi, wageni walipopungua, Mama alimkuta Dada jikoni akamwambia, "Umeniulia mume." Ulimi hauna mfupa. Dada alikiosha kikombe alichokuwa ameshika, akakifuta, akakirudisha kabatini. Baada ya wiki chache alipata kazi ng'ambo akaenda zake, na namba yake ya simu ikawa haipatikani.

Miaka ikapita. Mama hakulitaja jina lake. Akilazimika sana alisema "yule mwenzako," kama kwamba Kitinda na Dada walikuwa wamepanga chumba kimoja tu. Kitinda alituma barua pepe kwenye anwani ya zamani, zikarudi. Aliwauliza rafiki za Dada. Mmoja alisema amesikia ameolewa, mwingine alisema hajasikia lolote. Kampuni iliyosimamia kiunzi ilipotafuta mtu wa kutunza majaribio, Kitinda aliomba nafasi ile kabla hata hajasoma tangazo hadi mwisho.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la miwani. Alikaa karibu na dirisha, na kila asubuhi kabla ya kuanza kazi alisoma kidogo kile alichokiandika Dada. *Shangazi akifungiwa, aambiwe kwa upole.* *Bibi akirudi, asianze upya.* Hizo zilikuwa sentensi za kazi tu, lakini zilikuwa na ule ufupi wa Dada, ile namna yake ya kuamuru huku anabembeleza. Siku nyingine alisoma moja mara tatu ili asikie sauti. Sauti ilikuwa inafifia, hilo ndilo lililomtisha. Aliikumbuka namna Dada alivyochana nywele, na namna alivyokunja miguu kitini. Ila sauti ilibidi aitafute.

Mkuu wa timu aliitwa Kaptula. Jina hilo alilipata siku aliyofanya mkutano kwa video akiwa na koti na tai, kisha akasahau akasimama kufunga dirisha. Alikuwa mtu mwema. Toleo jipya la kiunzi lilipokaribia, alivuta kiti akakaa karibu na meza ya Kitinda.

"Mimi ukoo wenu naupenda," alisema. "Lakini wenzetu wa nchi nyingine wananiuliza Bibi ni nani na kwa nini anaanika nguo. Tuwape majina ya kawaida, basi."

"Wote?"

"Wote. Halafu jaribio la Baba linanichosha. Leo kijani, kesho nyekundu. Nimeliangalia, lina kituo katikati: linabonyeza, linasubiri, ndipo linabonyeza tena. Hicho kituo ndicho kinacholiyumbisha. Kitoe. Majaribio hayalipwi kwa kusinzia."

Kitinda alitii; ndiyo kazi. Siku nzima aliwabadilisha mmoja mmoja, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Shangazi akawa mtumiaji wa kwanza. Jirani Mdaku akawa mtumiaji asiyeruhusiwa, cheo ambacho kwa kweli kilimfaa. Baba alimwacha mwisho. Alilifuta jina, akaondoa kile kituo, jaribio likabonyeza mara mbili papo kwa papo, likawaka kijani, likaendelea kuwaka kijani. Akaweka pendekezo lake kwenye ukurasa wa wazi, pale ambapo kila mtu huweza kuona na kutoa maoni, akaenda nyumbani amenuna.

Kesho yake alikuta maoni ya mtu mmoja tu. Aliyeandika alijiita Mpitanjia, hakuwa na picha, na hakuwahi kuandika chochote hapo kabla.

*Kirudishe kituo. Hakuwa mtu wa kubonyeza haraka hivyo. Alibonyeza, akaguna, akakitazama kioo kama mtu anayedanganywa, ndipo akabonyeza tena.*

Kuguna hakukuandikwa popote kwenye jaribio. Hakuna aliyejua jambo hilo isipokuwa waliokaa sebuleni na Baba, na waliokaa sebuleni na Baba walikuwa watatu. Kitinda alishuka ngazi, akasimama mbele ya duka la miwani akitazama fremu zisizo na nyuso mpaka mwenye duka akamuuliza kama anahitaji kupimwa macho. Akasema hapana, akapanda juu.

Hakujua la kuandika, kwa hiyo akafanya kazi. Alikirudisha kituo na kuliendesha jaribio tena na tena. Nyekundu ilipowaka, safari hii hakulilaumu jaribio. Aliingia ndani ya kiunzi chenyewe. Huko akaikuta kasoro. Katika toleo jipya kitufe kikibonyezwa kilijifunga kwa muda mfupi, kisha kikafunguka chenyewe, jibu liwe limefika au halijafika. Mwenye pupa alizuiwa. Lakini mtu anayebonyeza, akaguna, akabonyeza tena, aliukuta mlango uko wazi, na ombi lake likaenda mara mbili. Mtandao ukiwa mwepesi jibu liliwahi na jaribio likafaulu. Ukiwa mzito halikuwahi. Ndiyo maana lilikuwa likiyumba.

Alimwonyesha Kaptula. Kaptula alitazama, akajikuna kidevu.

"Kwa hiyo siku zote lilikuwa linatuambia ukweli."

"Ndiyo."

"Na huyu Mpitanjia ni nani?"

"Mtu aliyemjua Baba," Kitinda alisema, na Kaptula, ambaye mengine alikuwa akiyaelewa, hakuuliza zaidi.

Siku zilizofuata walitengeneza pamoja, Kitinda hapa na Mpitanjia huko aliko, wakiandikiana chini ya pendekezo lile. *Kufuli lisifunguke kwa kufuata saa,* aliandika Mpitanjia. *Lifunguke jibu likija.* Kitinda akarekebisha. *Na jibu lisipokuja kabisa?* akauliza. *Basi aambiwe. Asiachwe anasubiri hajui anasubiri nini.* Kitinda aliisoma hiyo, vidole vikamkaa juu ya vibonyezo. Alitaka kuandika: na mimi je? Lakini ule ulikuwa ukurasa wa wazi, sawa na kulia njia panda. Akajikaza kisabuni, akaandika, *Sawa, nitaongeza ujumbe.*

Kazi ilipokwisha ndipo akamtumia ujumbe wa faragha, maneno mawili tu: *Ni wewe?*

Jibu lilikuja baada ya chakula cha mchana. *Ni mimi. Umekuwa fundi. Nilikuwa napita kusoma majaribio mara kwa mara, kuona kama bado wapo. Nilipoona umemfuta Baba sikuweza kunyamaza.* Kisha, chini yake: *Usimwambie Mama.*

Kitinda aliahidi. Ahadi yenyewe haikufika mbali. Kesho yake walikuwa mezani, Mama akamtazama anavyokula.

"Unameza kama unameza mawe. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Mimi nimewahudumia wagonjwa waliosema hakuna kitu mpaka wanazimia. Sema."

Kitinda akasema. Alieleza vibaya, akianza na kitufe na kufuli, Mama akimsikiliza amekunja uso kwa kutoelewa, mpaka alipofika kwenye kuguna. Hapo Mama aliweka kijiko chini.

"Ameandika hivyo? Kwamba anaguna?"

"Ndiyo."

"Na kukitazama kioo?"

"Kama mtu anayedanganywa."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, kilichomtoka ghafla, na kabla hakijaisha kilikwisha kugeuka kitu kingine, akajifunika uso kwa ncha ya khanga. Nje kulikuwa na mtu anafagia, na ufagio wake ulisikika muda mrefu.

"Anakula vizuri huko?" Mama aliuliza.

"Sijamuuliza."

"Sasa mmezungumza nini siku zote hizo?"

"Kazi."

"Kazi," Mama alisema. Aliinuka, akakusanya sahani ambazo zilikuwa bado na chakula. Akiwa mlangoni mwa jikoni, amempa Kitinda mgongo, alisema, "Mwambie mwanangu kwamba namba yangu ni ileile. Na usimwambie nimelia. Atadhani namdai."

Kitinda akatuma: *Nimevunja ahadi. Mama anasema namba yake ni ileile. Ameuliza kama unakula.*

Hakuna jibu lililokuja. Siku hiyo wala wiki hiyo. Toleo jipya lilitoka, na Kaptula aliamua Baba abaki na jina lake. Wenzao wa nchi nyingine wakaelezwa kwa sentensi moja kwamba huyu ni mzee asiyeviamini vitufe, nao wakaelewa mara moja, kwani kila mmoja alikuwa na wake. Kitinda alipongezwa. Alishukuru, akarudi kwenye kiti chake, akafungua ujumbe ule wa mwisho kuona kama umesomwa. Ulikuwa umesomwa. Akajutia kila neno alilotuma, hasa lile la kula.

Mama naye alianza kutembea na simu. Aliiweka mfukoni mwa aproni akipika, na akioga aliiegemeza juu ya ndoo. Kitinda alijifanya haoni. Jeraha la mtu haliguswi kwa kidole kichafu.

Simu ililia Jumamosi moja mchana, wakiwa wanakunja mashuka pamoja, kila mmoja ameshika ncha mbili. Namba ilikuwa ndefu isiyojulikana. Mama aliachia shuka.

"Haloo," alisema. Kisha kukawa kimya, kimya kirefu hivi kwamba Kitinda alidhani laini imekatika. Ndipo Mama akasema, "Marahaba, mwanangu."

Hawakuzungumza juu ya Baba. Walizungumza juu ya baridi, na meno, na mtoto wa kiume wa Dada ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo, aliyekuwa ameanza kutambaa. Mama aliuliza kama anamlaza chali. Aliuliza kama mkwe ni mtu wa kusaidia kazi. Hakuuliza atakuja lini, na alipokuwa akilizunguka swali hilo Kitinda aliliona usoni mwake, jinsi alivyolipita kwa mbali kama mtu anayepita mlango wa mgonjwa aliyelala. Kitinda alikuwa amesimama na shuka lake begani, mkono ameunyosha kwa zamu yake. Kutoka kwenye simu ilimfikia sauti nyembamba tu, isiyo na maneno. Alisogea karibu zaidi.

Laini ikakatika.

Mama alikitazama kioo cha simu. "Salio lake limeisha," alisema. "Au mtoto ameamka. Atapiga tena."

"Amesema atapiga?"

"Hakuwahi kusema. Lakini atapiga." Akaiweka simu mfukoni, akaikamata ncha ya shuka. "Shika huko, tumalize."

Wakakunja. Mashuka yalipokwisha, Kitinda akauliza, "Sauti yake ikoje sasa, Mama?"

Mama alifikiri kwa makini, kama aliyeulizwa na daktari.

"Imenenepa kidogo," alisema. "Lakini ni yake."