Mashine Kubwa Yafika Ndithini

Chifu Masila alitangaza barazani kwamba serikali inatuletea mashine kubwa, na sisi wanawake wa mwethya tuitengenezee barabara isije ikakwama. Hakusema ni mashine gani. Tumeomba mashine ya kuchimba kisima tangu binti yangu Nthenya ananyonya, na sasa yeye mwenyewe ana mimba ya kwanza. Huku Ndithini ukisema mashine, hakuna anayeuliza maswali.

Mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi, hauna mchezo. Leo tunalima shamba la huyu, kesho tunajenga boma la yule, na anayekosa bila sababu husemwa mpaka ajute. Tulifukia mashimo, tukang'oa visiki, tukiimba. Mimi ndiye mwenyekiti, na sauti yangu ndiyo ilikuwa juu.

Siku yenyewe tuliiona kwa mbali imepakiwa kwenye trela, kubwa, ya kijani, bomba refu limetokeza mbele. Peris akapiga kigelegele. Bomba lile sote tulijua ni la kwenda chini kutafuta maji. Nikaamuru mbuzi achinjwe. Maji ya kupikia yalikuwa kwenye pipa la zahanati, yale ambayo kila mjamzito huchangia ili siku yake ikifika aoshwe yeye na mtoto. Sista Firdaus, muuguzi wetu kutoka Machakos mjini, alikataa.

"Mama Nthenya, hayo ni ya wamama wa kujifungua. Na huyu wako mwezi umefika."

"Sista, jioni tutakuwa na kisima," nikamwambia. "Utaoga mpaka uchoke."

Tukalimaliza pipa. Tulipika wali, mchuzi na chai, na hata vumbi la uwanjani tukalinyunyizia maji lisiwachafue wageni.

Afande wa jeshi aliyekuja na trela akashuka, akashika kipaza sauti. Akasema hicho ni kifaru kipya kutoka ng'ambo, kinazungushwa ili wananchi wajionee kazi ya kodi yao. Nikanyoosha mkono.

"Afande, hii inachimba futi ngapi?"

"Haichimbi, mama. Hii ni ya vita. Adui akija kuwavamia, tuko tayari."

Nikatazama huku na huku. Adui gani mwenye akili timamu atatoka kwao kuja kuteka Ndithini, na kunguru wenyewe wamehama? Akija tutamwonea huruma, maana atalala na kiu. Afande akaendelea kutueleza kwa fahari kwamba hata vipuri vyake huletwa kwa ndege. Dawa za zahanati yetu huletwa kwa pikipiki, zikiletwa.

Ndipo Nthenya akanishika mkono. "Mwaitu, mama yangu, uchungu umeanza."

Husemwa mtoto wa kwanza huchelewa, lakini huyu hakuwa amesikia habari hizo. Chakula hakijapakuliwa, Sista Firdaus, aliyekwisha kumwingiza zahanati, akatoka nje kunitafuta.

"Kichwa kinaonekana, na pipa ni kavu."

Ningependa anitukane, ningepumua. Nikawatuma wenzangu na punda hadi mto Tana, nikijua hawarudi kabla ya jioni, kisha nikamwendea afande. Kando ya trela palikuwa na katoni za maji ya chupa.

"Hayo ni ya kikosi, mama," akasema. "Yameidhinishwa kwa wanajeshi peke yake."

"Na mbuzi wangu ameidhinishwa kwa nani?"

Nikafunika sufuria, nikaweka kigoda mbele yake, nikakaa. Wanawake waliobaki wakasimama nyuma yangu. Harufu ya mchuzi ikafanya kazi ambayo barua zetu zote kwa serikali hazikuwahi kuifanya. Afande aliwatazama vijana wake, akatazama sufuria, akatoa chupa chache, tena zile ndogo. Jeshi likawa limesalimu amri.

Mtoto alikuwa msichana, mwenye mapafu mazuri. Akaoshwa kwa maji ya chupa kama mtoto wa waziri. Hiyo ndiyo mara ya kwanza bajeti ya ulinzi kumfikia mtu wa kwetu, na sikatai, alitakata.

Chupa zikaishia kwa mtoto. Binti yangu alilala katika damu yake mpaka punda waliporudi, nami kando yake nikimfukuzia nzi kwa kanga, huku nje wanajeshi wakiusifu mchuzi.