Tundu la Chini

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hajawasha jenereta, Siméon aliichomoa patasi kwenye mashine yake, akaifuta kwa kitambaa chenye mafuta, akainoa kwa ndani kwa kijiwe chenye umbo la karoti, kisha akairudisha mahali pake. Ilikuwa patasi ya mraba yenye uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo ilizunguka keke ya kutobolea. Keke ilitoa nyama ya mbao, patasi ikakata pembe, na tundu likatoka safi, tayari kupokea ulimi, yaani ncha ya ubao mwingine iliyochongwa iingie humo na kubana. Kazi yote ilitegemea kuacha nafasi nyembamba kama ukucha kati ya keke na mdomo wa patasi. Mafundi wa mtaa wa Mususa walioiazima mashine hawakuiacha nafasi hiyo, wakairudisha ikinuka moshi, na kila mmoja aliapa kwamba aliikuta hivyo.

Aliinunua mpakani Kasindi, akiwa na mdogo wake Kamate, mpasuaji wa mbao. Mfanyabiashara alikuwa ametandaza mashine tatu juu ya turubai. Ya kwanza ilikata kwa mnyororo, haraka sana, ikaacha tundu lenye midomo iliyochanika. Siméon alisema hiyo imetengenezwa kwa watu wenye haraka, na siku hizo watu wenye haraka walikuwa na bunduki, hawakuhitaji mashine. Ya pili iliacha tundu la mviringo pembeni, ukalazimika kulimaliza kwa mkono, na mkono Siméon alikuwa nao tayari nyumbani. Ya tatu ilikuwa ya kijani, nzito, yenye wenzo mrefu wa chuma. Kamate aliuinua ubao wa majaribio, akaweka jicho kwenye tundu, akakaa hivyo kitambo.

“Yaya, tukamate hii,” alimwambia kaka yake. “Tundu yake iko wazi, unaona mpaka kule.”

Siméon alidhani anasema upande wa pili wa ubao.

Kazi ya kwanza ilikuwa viti vya mkaratusi uliokatwa Vuhovi. Fundi akishatoboa tundu la kupenya huliinua kwenye mwanga na kuchungulia, aone kama kuta zake zimenyooka. Siméon alichungulia akaona shamba la maharage la Vuhovi, na mbuzi akiingia upande wa mto. Kuta zilikuwa zimenyooka. Alichukua ubao wa pili, akatoboa, akachungulia, na mbuzi alikuwa amefika katikati ya shamba.

Habari hazikukawia. Mwenye shamba, Mama Joyeuse, muuza chumvi wa sokoni, alikuja, akatazama, akakodi pikipiki kwenda kumfukuza mbuzi, na jioni akarudi kulalamika kwamba Siméon alipaswa kumwita mapema. Madereva wa malori wakazoea kupita karakana kabla ya safari, kuuliza kama fundi ana ubao wa upande wa Mbau au wa Lubero, wajue tope lilivyo. Padri naye alikuja, akatafakari, akasema haoni dhambi, mradi watu wasichungulie wanaooga mtoni. Kila mtu aliona hilo ni sawa, na wachache walisikitika.

Utaratibu wake ulijulikana upesi. Tundu lilionyesha pale mti ulipokuwa umesimama, kwa kimo chake. Tundu la juu la mlango lilionyesha matawi ya jirani na anga, la katikati lilionyesha mashina, na la chini, lile pana linalopokea ubao wa miguuni, lilionyesha ardhi.

Hiyo ilikuwa 2001. Congo ilikuwa na serikali kadhaa kwa wakati mmoja, na Butembo ilikaa chini ya mojawapo, serikali isiyo na barabara wala mishahara, ila ilikuwa na bureau, yaani ofisi. Bureau haikuwa na mlango wa maana. Commandant Benoît, aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali na ambaye bado aliona baridi ya Butembo kama tusi binafsi, alitaka mlango mkubwa wa libuyu, ule mti mwekundu wa msituni usioliwa na mchwa. Mbao angezileta yeye mwenyewe. Alimwomba Siméon asijisumbue kuuliza zinatoka wapi.

Wakati huo Kamate alikuwa hajarudi kutoka misitu ya Mbau. Alikwenda kupasua mbao kiangazi kilipoanza, yeye na wapasuaji wenzake, kisha askari wakaenda huko, kisha kukawa kimya. Kila jioni mkewe, Séphora, alipita karakana akitoka shambani, akaweka kikapu chini, akauliza kama kuna habari. Siméon alisema bado. Séphora akachukua kikapu. Wazee wa ukoo hawakutaka kusikia neno matanga. Matanga hukaliwa penye maiti, walisema, na maiti haipo. Walijua pia kwamba kukaa matanga bila maiti ni kutangaza kwamba mtu ameuawa, na anayetangaza hivyo huulizwa: ameuawa na nani? Basi Séphora hakuwa mjane wala mke. Alikuwa mwanamke mwenye kikapu.

Lori la askari lilileta mbao siku ya salongo, kazi ya lazima ya umma, watu wakiwa barabarani wanafukua mitaro. Siméon alipitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza, na kiganja kikasimama. Mistari ya msumeno ilikuwa imeinama kushoto. Katika wapasuaji wote wa Beni na Butembo, aliyeshika msumeno kwa mkono wa kushoto alikuwa mmoja, na Siméon ndiye aliyemchapa utotoni ili auache. Jioni hiyo Séphora alipouliza kama kuna habari, alimjibu bado.

Alitoboa tundu la juu. Aliona matawi, na ndege mwenye mdomo mkubwa akijikuna. Akatoboa la katikati. Aliona kisiki kibichi, na msumeno mrefu umeegemezwa pale, umeanza kushika kutu. Kamate hakuwa mtu wa kuacha msumeno kwenye mvua, angeuacha mguu kwanza. Siméon aliirudisha patasi juu, akazima jenereta, akatangaza kwamba mashine inahitaji matengenezo.

Haijapata kutunzwa mashine kama ilivyotunzwa wiki ile. Alipaka grisi nguzo yake, akakaza mkanda, akaulegeza, akaukaza tena. Alisafisha jenereta mpaka ikawa na aibu ya kutoa moshi. Alinoa patasi iliyokuwa tayari inanyoa vinyweleo vya mkono. Askari waliotumwa kuulizia mlango walikuta vyuma vimetandazwa kwenye gazeti, wakarudi kusema fundi ni mtu makini.

Séphora hakudanganyika. Jioni moja hakuweka kikapu chini.

“Shemeki, ile patasi ni mukali tangu juzi. Mi nilikuona unainoa. Toboa ya chini.”

“Na kama tunaona mubaya?”

“Ule mubaya mi nalala nao kila siku. Toboa.”

Siméon aliwasha jenereta. Aliulaza ubao, akaubana kwa vishikizo, akavuta wenzo. Vipande vyekundu vilitoka kwa utaratibu, bila moshi, kwa sababu nafasi kati ya keke na patasi ilikuwa sahihi kuliko wakati wowote. Alitoboa nusu upande mmoja, akageuza ubao, akatoboa nusu nyingine, na pande mbili zikakutana katikati bila hata unywele wa tofauti. Halafu akausimamisha ubao, akamwachia nafasi.

Séphora alipiga magoti, akatazama. Palikuwa na udongo mwekundu uliofukuliwa na kurudishwa na watu wasiopenda kazi. Mvua ilikuwa imeuosha upande mmoja. Pale ulipooshwa, kiatu cha mpira kilikuwa kimetokeza, cha bluu, chenye kiraka cheusi cha tyubu ya baiskeli kisiginoni.

“Ile botte ni ya Kamate,” alisema. “Ile pièce ni mimi nilibandika, na chambre à air ya vélo.” Kisha akauliza: “Sasa bazee batanikatalia matanga juu ya nini?”

Siméon naye alitazama. Alilia, akasimama upande wa jenereta ili kelele yake imsaidie. Alimpenda mdogo wake na hakuwahi kumwambia. Hasira ilimshika, halafu hofu ikaishika hasira ile na kuiketisha chini.

Asubuhi Commandant Benoît alikuja mwenyewe, amechoka na sifa za umakini. Aliinama, akachungulia tundu la chini, akakaa nalo muda. Alipoinuka alikung'uta vumbi la mbao gotini.

“Ah, ni kule,” alisema, kama mtu anayeonyeshwa picha ya harusi ya zamani. “Bale balikuwa banapasula bila papier, bila ruhusa. Papa, mulango itaisha siku gani?”

Siméon aliulaza ubao mezani.

“Nikitia ndimi, chef. Matundu yatafungwa. Hapana mutu ataona.”

“Donc tia. Likambo te,” alisema, yaani hakuna neno.

Kulikuwa na njia moja ya kumkosea commandant bila kupigwa risasi, nayo ni kuchonga ulimi mlegevu. Mlango ungelegea baada ya miezi michache, ubao wa chini ungechomoka, na tundu lingebaki wazi mbele ya kila mwenye macho. Siméon aliifikiria njia hiyo, kalamu ikiwa sikioni. Kisha akachonga ulimi mnene, akapaka gundi, akaupiga kwa nyundo ya mti mpaka ukalia, akaongeza kabari. Aliogopa, hilo lilikuwa kweli. La kumtia aibu zaidi ni kwamba alipenda kiungo kinachobana, na hata kaburi la ndugu yake hakuweza kulifunga vibaya.

Mlango ulitundikwa. Kulikuwa na hotuba kuhusu amani, na soda.

Kesho yake asubuhi walinzi walikuta udongo kizingitini. Ulikuwa mwekundu, wenye unyevu, kiasi cha koleo moja, na ulitoka kwenye kiungo cha chini. Walifagia. Kesho yake ulikuwepo tena. Walinzi walinung'unika, maana hawakujiunga na jeshi ili kufagia, na Commandant akamwita Siméon mbele ya watu wote kumuuliza ni ufundi gani huu. Siméon alikagua kiungo. Wembe haukupita. Alikifunga kwa gundi na unga wa mbao, akapiga rangi juu, na asubuhi udongo ulitoka pale pale bila kuharibu rangi. Commandant alimwita fundi mbovu. Siméon aliona uchungu kwa neno hilo wiki nzima, kisha akaona uchungu zaidi alipogundua kwamba ndilo lililomuuma.

Séphora alikwenda kuomba kazi ya kufagia. Alipewa siku hiyo hiyo, kwa kuwa hakuomba kulipwa. Kila alfajiri alikwenda na beseni, akakusanya udongo wote kwa mkono, akapitisha kitambaa kwenye nyufa za sakafu, akaubeba kichwani mpaka nyuma ya nyumba yake. Walinzi walimsifu. Walisema hawajaona mfagiaji anayeondoka na takataka zake mwenyewe.

Wazee walikutana Jumapili baada ya misa, wakiwa na kasiksi, pombe ya ndizi, ya kutosha, kuamua kama udongo ni maiti. Mmoja alisema udongo ni udongo. Mwingine alisema padri husema hivyo hivyo kuhusu sisi sote kila Jumatano ya Majivu. Waliendelea mpaka kasiksi ikaisha, wakakubaliana kwamba udongo ukifika urefu wa Kamate, matanga yakaliwe. Siméon, aliyejua kipimo cha mdogo wake, aliulizwa, akachora mstari ardhini kwa kisigino.

Udongo ulifika kwenye mstari mvua za Septemba zilipokolea, na siku hiyo hiyo mlango ulikoma kuutoa. Séphora alivaa nguo za mjane. Walikaa matanga, waliimba, waliwasha moto uani. Commandant Benoît alituma gunia la mchele na salamu za serikali. Hakuuliza marehemu alikufa kwa nini, na watu walimsifu kwa adabu yake. Mchele uliliwa wote. Siméon alipewa sahani, akala, akasikia ladha yake ni nzuri, akajichukia.

Wiki iliyofuata lori likarudi kutoka Mbau, limeinama kwa uzito. Mlango ulikuwa umependeza, na sasa commandant alitaka mingine, kwa vyumba vyote vya ndani. Siméon alipitisha kiganja juu ya mbao. Mistari ya msumeno ilikuwa imenyooka. Aliyezipasua alitumia mkono wa kulia, na mtu wa mkono wa kulia anaweza kuwa yeyote.

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alichomoa patasi, akaifuta, akainoa kwa ndani, akairudisha na kuacha nafasi ya ukucha. Alipoinua kichwa aliona wanawake wamekwisha fika. Wengine walitoka Vuhovi, wengine walikuwa wamelala njiani kutoka Oicha. Waliketi chini kando ya ukuta wa karakana, miguu wameinyoosha, kila mmoja na beseni lake magotini, wakimngoja afike kwenye tundu la chini.