Ukoo Ulioletwa na Injini

Injini ya Mafiga ilikufa siku ya Ijumaa, mwaka wa themanini na saba, mbele ya gereji yangu pale Obunga. Ilikohoa mara mbili, ikatema pistoni barabarani, ikanyamaza. Kuku mmoja aliipenda ile pistoni kwa joto lake, akaiatamia siku nne. Lakini hayo ni ya kuku.

Mafiga kilikuwa kigari cha magurudumu matatu ambacho Seif alikitumia kusambaza mikate.

"Fundi Walter," akaniambia, "kesho adhuhuri nisipofika kwa Mzee Mbarak na watu wangu, Zamzam anaolewa na yule mwenye duka la saruji."

Mzee Mbarak wa Manyatta alikuwa ametoa sharti moja tu: "Binti yangu simwozi mtu aliyedondoka kutoka mawinguni. Lete watu wako, wasipungue watatu." Naye Seif alikuja mjini kutoka Port Victoria peke yake, hana shangazi, hana binamu. Alikuwa amewabembeleza wazee watatu wa Obunga wajifanye wajomba zake, ila katika wazee hao watatu ungepata goti zima moja tu. Bila gari hawafiki.

Tulitafuta injini Kisumu nzima, tukakosa. Mwishowe tukaenda kwa Wahome, mwenye kisiagi. Jiwe lake la kusagia unga lilikuwa limepasuka, na kwa wiki tatu alikuwa akingoja jipya lije na treni. Injini imekaa bure.

"Chukueni," akasema. "Lakini ikichelewa, nitamsaga fundi."

Ilikuwa injini ya dizeli ya kuzungusha kwa hendeli, nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Tulipoifunga nyuma, Mafiga ikainua gurudumu la mbele juu, ikabaki inatazama mbingu. Ndipo wajomba wakapata kazi: tuliwafunga pale mbele kwa kamba ya katani, wote watatu, gurudumu likashuka. Gia hazikuwepo. Ilijua mwendo mmoja tu, mwendo wa mama mwenye debe kichwani.

Kuna kitu nilisahau, na hilo nakiri. Wenye visiagi huweka kopo kwenye mdomo wa ekzosi ili mlio ufike mbali, akina mama wajue mashine imeanza kazi. Kopo la Wahome sikulitoa.

Jumamosi saa nne nikazungusha hendeli. Tu! Tu! Tu! Obunga, iliyokuwa imekula viazi wiki tatu mfululizo, ikasimama wima.

Wa kwanza kutokea alikuwa Awuor, debe la mahindi kichwani, mtoto mgongoni.

"Yawa! Kumbe jiwe limefika! Ngojeni!"

"Mama, hii ni gari!" nikapaza sauti.

"Gari gani inalia kama unga? Simama!"

"Haina breki!"

"Basi nitatembea."

Na akatembea. Nyuma yake wakatoka wengine na mabeseni, na karai, mmoja na mahindi ndani ya mwavuli. Tulipopita karibu na matanga fulani, waombolezaji walinyanyuka wote, marehemu akabaki peke yake. Kufika Kondele nilihesabu sitini na tatu, kisha shingo ikauma.

"Nimekwisha," Seif akalia. "Fundi, umeniharibia."

Mafiga ilisimama kwa kuegemea ukuta wa Mzee Mbarak. Nikaiziba pua kwa kofia yangu hadi ikazima. Mzee akatoka, kanzu nyeupe, akautazama ule msafara mpaka unapoishia, na haukuwa unaishia.

"Seif. Hawa wote ni watu wako?"

"Sisi ni wajomba," mmoja wa wale wazee akasema. "Tufungueni."

Seif angeweza kudanganya. Nilimfinya adanganye. Akainamisha kichwa.

"Hapana, Mzee. Hata hao si wajomba. Sina mtu. Hawa wamefuata injini tu."

Awuor akatua debe chini, kishindo.

"Ati huna mtu? Nimekufuata kutoka Obunga na jua hili, halafu unanikana mbele za watu? Wewe ni wangu! Siondoki hapa mpaka mahindi yangu yasagwe!"

"Hatuondoki!" wakaitikia wote.

Mzee Mbarak akavuta ndevu.

"Mimi nina ndugu mia moja," akasema polepole, "na nikiwaambia hakuna chakula, hawaonekani tena. Hawa wamekuja na chakula chao, wamekanwa, na bado hawatoki. Huyu kijana ana watu kunizidi. Sheikh aitwe, kabla hawajaongezeka."

Ndoa ikafungwa. Akina mama hawakuondoka. Walikaa uani siku tatu wakiimba, mpaka jiwe lilipofika Jumanne. Injini hatukuthubutu kuirudisha, maana kila ikiwashwa mtaa mzima ungeifuata, basi Wahome akalileta jiwe pale pale uani, akaingia ubia wa kusaga na Zamzam. Seif akarudi kugawa mikate kwa miguu.

Zamzam hajawahi kugombana na mumewe kwa maneno. Akikasirishwa, huenda uani, akazungusha hendeli mara moja. Dakika kumi hazipiti, ukoo wa Seif umejaa mlangoni, wale sitini na tatu na wengine ambao sikuwahesabu, Awuor mbele. Wanamsikiliza Zamzam mpaka mwisho, kisha wanamgeukia ndugu yao.