Sabini kwa Arobaini

Siku ya posa, kutoka Ukunda hadi Msambweni, Swafwan alijipaka sanitaiza mara tano. Ulikuwa ule mwaka wa korona, na Bibi Biasha, aliyemlea Muhsina, binti aliyekwenda kuposwa, alikuwa haogopi nyoka wala askari, ila korona aliiogopa. Mara ya sita, pale mlangoni, kifuniko kikaponyoka. Nusu chupa kanzuni.

"Umejipaka au umekoga?" akauliza Ami Abdulwahab, aliyekuja kumposea.

Ndani Ami alisema kama wasemavyo washenga wote: kijana hajamjua binti, hajapata kumsikia hata sauti, amevutwa na sifa njema tu. Bibi aliitikia nyuma ya barakoa. Kahawa ikaletwa. Akateremsha barakoa anywe.

Sasa, pua ya Bibi Biasha Msambweni nzima waijua. Akipita nje ya nyumba, hukwambia mwapika samaki gani na chumvi imezidi.

Akanusa. Akatua kikombe.

"A'udhubillahi! Mtu aja kuposa na pombe kifuani!"

Swafwan alimwona Muhsina akimponyoka hivi hivi, kama kile kifuniko.

"Wallahi ni sanitaiza, Bibi! Hii ni asilimia sabini. Pombe kali yenyewe arobaini tu!"

Ami akafumba macho.

"Ala! Kumbe yako yaizidi pombe?"

"Ndiyo, Bibi. Yaani, la! Hii hainyweki."

"Na hiyo inywekayo, hesabu yake waijulia wapi?"

Nyuma ya pazia la chumbani ikalipuka sauti:

"Ni mimi niliyemwambia, Bibi! Twalisomeshwa kwenye kemia!"

Ami akaitazama kahawa yake kama aliyeangusha yale maneno yake humo ndani.

"Ulimwambia lini?" Bibi akaliuliza pazia.

"Juzi," likajibu pazia.

"Juzi tu?"

"Na jana. Na leo alfajiri, kwa simu."

Bibi akainuka, akamsogelea Swafwan hadi pua ikakaribia kidevu.

"Pumua."

"Haaa."

"Mahamri, mbaazi, na woga." Akainusa mikono, akapiga chafya. "Kinywa ki safi. Mikono ndiyo iliyolewa."

Pazia likacheka. Swafwan naye akacheka, akajizuia, kikamtoka kicheko cha puani.

"Shekhe Abdulwahab," Bibi akasema, "mlitaka harusi lini?"

"Baada ya Idi, inshallah."

"Baada ya Idi! Hawa wa kupeana hesabu alfajiri? Ijumaa hii. Kemia yao wakaisomee ndani ya ndoa."

Swafwan akaruka kuubusu mkono wa Bibi. Bibi akauficha nyuma.

"Hebu, hebu! Rudi kule, mita moja!" Kisha akautoa tena taratibu, kiganja juu. "Ile iliyobaki chupani, nitie na mie. Ile ya sabini."