Asubuhi Kumi za Kulungu

Mimi Mutuma, mzaliwa wa Meru, mkazi wa ghorofa ya kumi na moja hapa Rexdale, Toronto, sijawahi kukimbia kitu chenye miguu minne. Na baridi? Baridi ikiniona hunipisha njia. Haya niliyatangaza mbele ya darasa zima la bayolojia mwezi wa kwanza, na ndiyo sababu Mwalimu Candide, Mkongo mrefu mwenye kicheko cha nadra, alinipa zamu ya asubuhi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulungu aligongwa na gari karibu na mto Humber, watu wa mbuga wakamburuta hadi bondeni, mbali na njia, wakamwacha hapo. Sisi tuangalie nani anakuja kula. Wawili wawili, siku kumi, asubuhi na alasiri, daftari moja, alama moja. Mwenzangu, wa zamu ya alasiri, alikuwa Suhaila, Mtanzania mpole asiyesahau kitu. Alitaka kusomea utabibu wa wanyama, na chuo kilishamwambia kwamba bayolojia ikishuka chini ya themanini, asijisumbue kuomba.

"Mutuma, nakuomba," aliniambia. "Utani wako uweke akiba kwa mengine."

"Dada, lala usingizi. Uko na Mmeru."

Asubuhi ya kwanza baridi ilikuwa nyuzi hasi kumi na tisa. Nilishuka bondeni, nikamkuta kulungu amelala ubavu, theluji imemfunika nusu kama mgeni aliyepewa shuka fupi. Nikatoa kalamu, wino ukagoma. Halafu nikasikia: kwaru, kwaru, kwaru. Kitu kinatafuna mfupa. Sikusubiri kujua jina lake. Nilipanda ule mteremko kwa mikono na miguu, na nilipogeuka huko juu nikamwona kindi, mkubwa kama mkebe wa soda, ameketi juu ya paja la kulungu, ananitazama kama mtu aliyekatiziwa chai.

Basi la barabara ya Kipling lilikuwa limesimama kituoni. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikakaa kiti cha mwisho, kile chenye hita chini yake. Nilienda nalo hadi stesheni, nikarudi nalo nikisinzia. Asubuhi nane zilizofuata sikujisumbua hata kuchungulia bonde.

Kwenye joto kalamu inateleza, bana. Niliandika tumbusi watano. Niliandika nzi. Niliandika funza wananenepa, kwa sababu niliona ng'ombe waliokufa kwa ukame kule Isiolo, na mzoga ni mzoga. Glavu yangu moja ilipopotea, ile nyekundu aliyoifuma mama na kuitia herufi M, niliandika kwamba koyoti, ambaye ni mbweha aliyelishwa vizuri, aliinyakua, tukavutana, nikamwachia kwa huruma.

Siku ya tisa Suhaila alisoma daftari tukiwa kantini.

"Funza?"

"Wengi sana."

"Mutuma, jana pumzi yangu iliganda kwenye ushungi. Nzi gani huyo anataga mayai kwenye barafu?"

"Nzi wa huku ni wagumu. Wanavaa makoti."

Hakucheka. "Na tumbusi walishahamia kusini tangu kabla ya theluji. Hukwenda."

Nikavuta daftari nilifunge, akalishikilia.

"Kule kwetu mzoga unaoza, siku chache umekwisha," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Huyu haozi. Ndiyo maana kila mtu anapata, hata mdogo. Hilo ndilo jibu la kazi nzima, wewe unaniletea funza!"

Akachana kurasa zangu moja moja. Tisa.

"Mwalimu anakata alama mbili kwa kila asubuhi iliyokosekana. Tukipata mengine yote, tunabaki themanini na mbili. Kesho nenda. Ukiulizwa, sema ulikwenda mara moja. Uongo ni sifuri, yako na yangu."

Kesho yake nilikwenda. Sikwenda kwa ushujaa, nilikwenda kwa sababu ya ile sauti. Nikajibanza nyuma ya mti nikiwa nimevaa glavu moja na soksi moja mkononi. Koyoti alikuja kwanza, akavuta mguu wa nyuma hadi ukatoa mlio, akaondoka nao bila haraka. Kunguru waliokuwa wanangoja juu wakashuka kugombania alichofungua. Walipochoka, akaja ndege mdogo wa kofia nyeusi, uzito wake kama barua. Akaingia ndani ya mbavu kama mtu anayeingia dukani, akadonoa mafuta meupe, akatoka, akarudi. Kwenye theluji, nyayo za panya zilikuwa zimeshonwa kutoka mfupa hadi mfupa. Lile bonde zima lilikuwa na friji moja isiyo na mlango. Nilikaa saa nzima. Penseli haigandi, nilikuwa nimejifunza. Nikajaza kurasa mbili.

Wiki iliyofuata wazazi walikuja shuleni kuona kazi zetu. Tulisimama nyuma ya meza, Suhaila na michoro yake, mimi na mdomo wangu. Nilianza vizuri. Nilieleza yule ndege ndani ya mbavu, akina mama wakasema "maskini!", mtu akapiga makofi. Makofi ni kitu kibaya.

"Na wewe uliyaona haya kwa siku ngapi?" mama mmoja aliuliza.

Suhaila alinikanyaga mguu.

"Kila asubuhi, mama," nikasema. "Siku kumi. Koyoti hata alininyang'anya glavu, tukapigana."

Mwalimu Candide alikuwa amesimama kando na daftari letu mkononi. Nyusi moja ikapanda. Suhaila alifumba macho.

"Baba!" akasema alipoyafumbua, kwa sauti ndogo.

Mzee aliyevaa sare ya dereva wa basi alikuwa anapenya katikati ya watu, tabasamu hadi masikioni. Nilijua babake, Mzee Jalaludin, ni dereva. Lakini Toronto ina mabasi kama siafu, na anayeingia kwa mlango wa nyuma haoni uso wa dereva. Dereva ana kioo.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Leo umeamka?" Akaingiza mkono mfukoni. "Siku tisa nakuona kwenye kioo, nakuonea huruma, nasema kijana huyu anafanya kazi za usiku. Ulisahau hii kwenye kiti cha nyuma."

Glavu nyekundu. Herufi M.

Mwalimu Candide alifungua daftari, akalamba kidole, akageuza kurasa taratibu.

"Hapa naona asubuhi moja," alisema. "Imeandikwa vizuri sana. Suhaila, usilie, mimi nasahihisha daftari, sisahihishi mdomo." Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza mwaka huo nikaona meno yake. "Mutuma, hebu ivae tuone kama ni ya koyoti."

Nikaivaa. Ilinikaa sawasawa.