Turubai la Mama Viti

Jumatatu asubuhi Frema alikuwa anaosha viti vyake vya kukodisha. Kila Jumatatu anaosha viti, kwa sababu kila Jumamosi Kumasi inazika, na watu wa Kumasi wakizika wanakula, na wakila wanajifutia mikono kwenye viti. Vilikuwa vya plastiki, vyeupe, vyote vimeandikwa FREMA mgongoni kwa rangi nyekundu, maana kiti cha msibani kisicho na jina hakirudi. Mtaa mzima wa Ahinsan walimwita Mama Viti.

Badu akaingia na tepu ya kupimia.

"Mke wangu, umeamkaje?"

Badu ni mtoto wa dada yake Adomako, marehemu mume wa Frema, na kwao mpwa humwita mke wa mjomba "mke wangu" kwa utani. Tangu mjomba afe utani ulikuwepo bado, ila alikuwa anacheka mmoja tu.

"Unapima nini?" Frema akamuuliza.

"Stoo."

"Stoo ya nani?"

"Si ndiyo napima nijue." Akavuta tepu mpaka ukutani. "Wiki ijayo ni siku ya mwaka wa mjomba. Ukishavua nguo nyeusi, nyumba naiuza. Kuna mtu wa simu anaitaka, afungue duka."

"Na viti vyangu?"

"Vimelala kwa mjomba miaka yote hii. Mbuzi akizalia zizini kwako, mtoto wa nani?"

"Vimeandikwa Frema."

"Rangi inafutika, mke wangu."

Frema akachukua kiti kingine, akaosha. Ile nyumba walijenga wawili. Adomako alikuwa fundi saa, pesa yake ilikuja kidogo kidogo, na matofali karibu yote alifyatua Frema, mtoto wao Ntim akiwa mgongoni. Lakini mwanaume akifa, mali inakwenda kwa watoto wa dada yake. Mke na watoto wake ni watu wa ukoo mwingine, wanashukuriwa, wanaondoka. Serikali ilishatunga sheria ya kuwalinda wajane. "Sheria ya Accra iko Accra," anasema Nana Dwomoh, mkuu wa ukoo, na akishasema hivyo anaomba maji ya kunywa.

Frema naye desturi hiyo hakuwahi kuiona mbaya, kwa sababu alikuwa anaiona kwa upande wa pili. Kaka yake Gyimah ana nyumba kule Atonsu, ina vigae mpaka jikoni. Gyimah akifa, nyumba ni ya Ntim. Ntim alishachagua chumba.

Basi siku hiyo hiyo Frema akaenda Asokwa kutafuta mahali pa kuweka viti.

Donkor anauza maturubai kando ya barabara. Anayasimamisha yote nje ya duka, ukipita unadhani kuna msiba mkubwa na wafiwa wamechelewa. Alimwanzishia Frema la mabomba ya chuma.

"Hili ndilo imara, Maame. Linabebwa na wanaume wanne, na wa tano wa kuwatukana."

"Linakunjika?"

"Chuma hakikunjiki. Chuma kinasubiri kutu."

La pili lilikuwa jeupe, lina kichwa kirefu. Donkor alisema ni zuri kwa harusi, ila upepo wa kabla ya mvua ukija, turubai linakwenda Tamale, kaskazini kabisa, na wewe unabaki na kamba.

La tatu lilikuwa la alumini. Lina mbavu na vijitairi. Ukilivuta linakuwa ghala, ukilisukuma mbavu zinalaliana, linarudi ndani kama konokono. Frema alilisukuma kwa kidole, likaenda. Akachungulia mishono. Akakwaruza ubavu mmoja kwa ufunguo wa stoo.

"Hili halili kutu?"

"Alumini haijui kutu."

"Nikitaka kulikunja, vitu vya ndani naviweka wapi?"

"Viache humo humo. Vinakunjika nalo."

"Viti vyangu vya plastiki, vinavunjika hata ukivitazama vibaya."

"Havivunjiki. Ila usikunje supu, inamwagika."

Mlinzi wa Donkor alikuwa amelala ndani yake, juu ya boksi. Donkor alilisukuma turubai mpaka likawa nene kama godoro, akalivuta tena. Mlinzi alikuwa bado amelala, ila amegeukia upande wa pili.

"Nachukua hili," Frema akasema. "Lina urefu gani?"

"Inategemea unavyovuta."

Frema akaliweka uani. Jioni hiyo akakunja viti vyote, akaegemeza turubai kwenye mpapai, akapika. Kesho yake akakunja kwa bahati mbaya kuku wa jirani. Kuku alipotolewa alikuwa anaendelea kutaga pale pale alipoishia, na jirani akadai tu yai lake. Jumamosi, msibani Bekwai, mvua kubwa ilikuta bendi ya tarumbeta imejibanza ndani ya turubai la Frema, na lori la kurudi lilikuwa linaondoka. Akawakunja, akawafungulia Kumasi. Wakaendelea na wimbo kwenye neno lile lile. Mpiga ngoma peke yake alinung'unika kwamba Bekwai walikuwa hawajapewa chakula.

Badu aliyaona yote hayo, na yalimkera kwa jambo moja tu.

"Viti umevitoa stoo bila ruhusa," alisema.

Siku ya kuamkia siku ya mwaka, asubuhi, akaja na yule mtu wa simu. Mtu wa simu akagonga kuta, akafungua bomba la maji, akauliza dirisha la duka litobolewe wapi. Akauliza pia kile kiti cha barazani ni cha nani, maana kilikuwa mahali pazuri. Kilikuwa cha Adomako. Pale ndipo alipokuwa anatengeneza saa za watu, na mwaka mzima hakuna aliyekikalia.

"Kinakwenda na nyumba," Badu akajibu. Akatazama saa mkononi. Nayo ilikuwa ya Adomako. "Mke wangu, kesho jioni nipe funguo."

Walipoondoka, Frema akalivuta turubai. Akalivuta likaifunika stoo. Akaendelea, likapita jikoni, likapanda bati, likameza vyumba na baraza. Akazunguka nyuma kuhakikisha hakuna kilichochungulia nje. Halafu akaweka bega, akasukuma.

Palibaki udongo mwekundu na mpapai. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akatazama.

"Umehama, Mama Viti?"

"Nimehama."

"Na choo?"

"Nacho."

"Choo tulichimba pamoja."

Ilikuwa kweli. Frema akalivuta turubai kidogo, akatoa choo, akamwachia.

Akalisukuma barabarani kuelekea Atonsu kwa kaka yake. Njiani alisikia mtu anakohoa humo ndani, akadhani ni mbuzi, ingawa mbuzi hakuwa naye. Kwenye kizuizi askari akamsimamisha.

"Umebeba nini?"

"Nyumba."

Askari akazunguka nyuma. "Taa ya nyuma iko wapi?"

"Ni turubai, afande."

"Usiku je?"

"Usiku nitakuwa nimelala."

Askari akafikiri, akamruhusu.

Siku ya mwaka ukoo ukafika Ahinsan na nguo zao za msiba, wakakuta hakuna pa kukaa. Nana Dwomoh akasimama chini ya mpapai akiwa ameshika fimbo. Frema akaitwa, akaja na turubai lake. Hakuna aliyemuuliza nyumba imeingiaje mle. Walimuuliza kwa ruhusa ya nani.

"Fungua," Nana akasema.

Frema akavuta. Stoo ikatoka, jiko likatoka, vyumba vikatoka. Barazani, kwenye kile kiti, alikuwepo Adomako na fulana yake, ameinamia saa ya mtu.

"Nana, karibu," Adomako akasema. "Frema, wape wageni maji."

Frema akaleta maji. Watu wakanywa, wakapita mmoja mmoja kumpa Adomako mkono kuanzia kulia, kama inavyotakiwa. Nana akasema mgeni ni Adomako na si wao, basi yeye ndiye aeleze kilichomleta.

"Hakuna kibaya. Nilikuwepo tu," Adomako akasema. "Naona mnagawa."

"Tunagawa. Nyumba hii alijenga nani?"

"Mimi na Frema. Matofali yake, bati langu. Viti vyake vyote."

Watu wakaguna. Badu akasogea mbele.

"Mjomba, shikamoo. Si tulikuzika vizuri lakini? Jeneza lile watu walipiga nalo picha."

"Lilinibana mabega."

"Aliyelitengeneza ni yule yule uliyemsifu kwenye msiba wa shangazi."

"Shangazi alikuwa mwembamba."

Nana Dwomoh akapiga fimbo chini. Akasema wamemsikia Adomako, na hakuna anayesema Adomako ni mwongo. Lakini yeye ni marehemu. Marehemu hana kauli, ana mrithi. Wakianza kuwasikiliza marehemu, Kumasi hakuna nyumba itakayopata mwenyewe. Kwa hiyo nyumba ni ya ukoo, apewe Badu. Viti vimelala kwenye nyumba ya ukoo, ni vya ukoo.

"Na turubai?" Badu akauliza.

"Turubai kanunua baada ya msiba. Ni lake," Nana akasema. "Sisi si wezi."

Watu wakakubali kwamba hiyo ni haki.

"Na mimi?" Adomako akauliza.

Wazee wakateta. Mazishi yalishafanyika, shukrani zilishatangazwa redioni. Ukoo ukimchukua itabidi kuzika tena, na sare za msiba ziko bei mbaya. Mwenye kumtaka akaombwa ajitokeze. Hakujitokeza mtu.

"Frema, nenda naye," Nana akasema.

"Badu, basi nipe saa yangu," Adomako akasema.

"Mjomba, saa ni urithi."

Frema akavua nguo nyeusi, kwa sababu ndiyo ilikuwa siku yake. Adomako akaingia kwenye turubai na mfuko wa vifaa vyake vya saa. Kiti wakamkatalia. Frema akasukuma mbavu zikalaliana. Kwenye kizuizi askari yule yule akauliza leo kuna nini. Mume, Frema akajibu. Askari akasema mume si lazima awe na taa.

Atonsu walimkuta mke wa Gyimah barazani anamenya mihogo ya kutwanga fufu. Alimpokea vizuri, akampa maji, akasikiliza habari yote ya Ahinsan mpaka mwisho. Akamtazama mumewe, aliyekuwa anasinzia kwenye kochi na miguu imevimba. Akatazama vigae. Halafu akalitazama turubai.

"Wifi," akasema, "hilo ulinunua wapi?"

"Asokwa, kwa Donkor."

"Nami nataka. Mtu anaweza kuhitaji mahali pa kuweka vitu. Nikifika nichague lipi?"

Frema akanywa maji kidogo. Dirishani kwenye chumba cha pili kulikuwa na pazia jipya la bluu. Ntim alilileta mwenyewe mwezi uliopita, akapima, akaliweka.

"Chukua la chuma," Frema akasema. "Ndilo imara."

Ndani ya turubai Adomako alikohoa.